Usiziguse, Nilizisafisha Mimi

Nina mkwe aliyejenga ndege. Kila nikisema hivyo mjini Migori watu hucheka, nami hucheka nao, tena mara nyingi mimi ndiye huanza. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia, mwenye ng'ombe wanne na paa linalovuja, amekaa miaka sita nyuma ya nyumba yake huko Kosele akigundisha mbao na vitambaa, ati siku moja alione ziwa kutoka juu. Ziwa lenyewe liko palepale. Angeweza kulifikia kwa pikipiki.

Ni mume wa mdogo wangu. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa bado shule ya msingi, nikamlea mimi, na siku wazee wa Kikuria walipotoka upande wa Isebania kuleta ng'ombe wa mahari, aliyekaa mahali pa mama ni mimi. Tangu siku hiyo mwalimu huniita mama, ingawa amenizidi mwaka mmoja. Kwao na kwetu heshima ya mama mkwe haina mchezo. Hanipi mkono, hali chakula mbele yangu, hanitazami machoni, na kunibishia ndiko hathubutu kabisa. Sikuwahi kuona ubaya wa mpango huo. Ni raha kuwa na mtu mmoja duniani asiyeweza kukujibu.

Kazi yangu ni pampu na nozeli za mafuta. Lori likivuka mpaka likitema moshi mweusi, dereva huelekezwa kwa yule mama wa Migori, na yule mama ni mimi. Sina subira na mafundi wa kubahatisha. Fundi wa kubahatisha hubadilisha plagi, akishindwa hubadilisha pampu, akishindwa tena humwambia mwenye gari kwamba kuna jirani anamwonea wivu.

Jumatano moja mdogo wangu akanipigia simu. Ndege ilikuwa imekamilika, karatasi za ruhusa zimetoka, na Jumamosi mumewe angeirusha kwa mara ya kwanza. Lakini injini ilikuwa na kisirani. Ikinguruma taratibu, haina neno. Ukiifungulia mafuta yote, baada ya dakika tatu inakohoa na kuzima.

"Anasema ataenda tu," akaniambia. "Ati ikipata upepo itatulia. Dada, nitaachwa mjane na watoto watatu kwa sababu ya mbao."

Alhamisi asubuhi nilikuwa Kosele na sanduku langu la spana. Ndege ilikuwa imefungwa kwa mnyororo wa plau kwenye shina la mkaratusi, isije ikaondoka wakati wa majaribio, na majirani walikuwa wameshaleta viti. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, yenye mkia mdogo wa kusikitisha. Injini yake ilitoka kwenye gari la Kijapani la mashindano lililogongwa. Haina pistoni hata moja. Ndani mna vipande viwili vya pembetatu vinavyozunguka tu, na petroli hupulizwa na nozeli nne zinazopewa amri na kompyuta. Kwa mwalimu huyo, injini ya kawaida ingekuwa rahisi mno.

Alisimama hatua kumi kutoka kwangu, macho kwenye viatu vyake.

"Karibu, mama. Pole na safari."

"Nimekuja kuzuia mazishi. Shida ni nini?"

"Nafikiri ni hesabu za kompyuta, mama. Kuna watu fulani online wananiambia niongeze mafuta kidogo. Nimeongeza mara nne."

Nilitaka kuwaona watu hao. Akanionyesha kwenye simu, akiiweka juu ya kiti na kurudi nyuma ili niichukue mwenyewe. Ni wazee wa ng'ambo wasiojulikana, wenye majina ya kujitungia. Mmoja anasema ongeza, wa pili anasema punguza, wa tatu anauliza rangi ya moshi kisha anapotea wiki nzima. Na huyu ndiye mtu anayewanyima wanafunzi alama wasipoonyesha njia! Nilimwambia hivyo mbele ya majirani, kwa sauti, wakacheka vizuri sana. Yeye aliinamisha kichwa.

"Labda tupime kila nozeli peke yake, mama?" akasema polepole.

"Nozeli usiziguse. Nilizisafisha mimi."

Ni kweli nilizisafisha. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amezituma Migori, nikazipitisha kwenye mashine yangu, nikazirudisha zimefungwa kama zawadi. Katika ndege nzima hivyo ndivyo vitu pekee nilivyoviamini.

Basi nikaanza. Nilifungua bomba la chini ya tangi, nikatazama kama kuna maji au uchafu, nikalirudisha na kukaza klipu yake. Nikafungua chujio, nikalikuta safi. Nikaweka geji ya presha, tukawasha, majirani wakaziba masikio. Injini ilinguruma, ikakohoa, ikazima, lakini mshale wa geji haukutikisika. Mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza angejua hapo hapo kwamba mafuta yanafika mlangoni na hayaingii ndani. Hata mimi nilijua. Kisha nikaenda kukagua nyaya.

Nilikagua nyaya hadi saa sita, nikimcheka kwa kila waya niliouona. Huu umeufunga kwa uzi wa kushonea viatu? Huu nao ni wa redio? Mdogo wangu akaleta chai, na mwalimu akachukua kikombe chake akaenda kunywea nyuma ya jiko, kama desturi inavyotaka. Aliporudi akajaribu tena.

"Mama, na kama tungezipima kwa chupa tu?"

"Wewe umesomea fizikia au umesomea chupa?"

Majirani wakacheka tena. Sasa nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Saa tisa nilikuwa sina tena cha kulaumu. Nikaagiza chupa nne tupu za soda, kwa sauti ya mtu anayefanya jambo la kupoteza muda. Tukazitoa nozeli, kila moja ikaelekezwa kwenye chupa yake, pampu ikaendeshwa dakika moja. Chupa mbili zilijaa hadi shingoni. Ya tatu ilifika nusu. Ya nne ilipata petroli ya kufunika kitako tu.

Hakuna aliyecheka. Nilichukua kifaa changu cha kung'olea, nikavuta kichujio kidogo kilichomo ndani ya nozeli ya nne, kikatoka kimevaa uchafu wa njano. Nikauponda kwa kidole. Ulikuwa sponji.

Barabara zetu ni vumbi, na hakuna fundi kutoka Migori hadi Isebania anayesafirisha nozeli ikiwa wazi. Sote hukata sponji ya godoro kuukuu, tukaziba matundu, kisha tukaing'oa wakati wa kufunga. Kwa malori haina madhara, maana kabla ya saa moja kwisha sponji imeshatoka. Hizi zilikuwa zimekaa na sponji iliyolowa petroli ya kusafishia siku nyingi, ikaoza, na ilipovutwa ikakatika na kubaki ndani. Nilijua petroli hula sponji. Nimewagombeza wengine kwa kosa hilo hilo. Nyani haoni kundule.

Majirani walisogea kuona. Mdogo wangu alisogea. Mwalimu peke yake alibaki pale pale, akitazama viatu.

"Mwalimu," nikasema. "Ulijua?"

Alipangusa vumbi la kiatu kimoja kwa kingine.

"Nakuuliza."

"Niliona kidogo, mama, siku ya kuzifunga. Nikatoa nilichoweza kwa sindano."

"Na mbona hukunirudishia? Hicho kichujio hakitoki bila kifaa changu."

"Ningezirudisha nikisema nini, mama?"

Kwa dakika nzima nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau. Mtu alikuwa tayari kudanganya kompyuta mara nne, kuwauliza wageni wa ng'ambo, kisha Jumamosi apande juu ya ziwa na sponji yangu kooni mwa injini yake, mradi asimwambie mama mkwe kwamba amekosea. Kisha nikakumbuka kwamba siku hiyo alikuwa amejaribu mara mbili kunifikisha kwenye nozeli kwa mlango wa nyuma, na mara mbili nilimfanya kichekesho kwa majirani zake. Nilikuwa nimemfundisha ukimya huo miaka kumi na tisa, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nikazisafisha nozeli zote nne upya. Chupa zikajaa sawasawa. Akarudisha hesabu za kompyuta zilivyokuwa mwanzo, kisha akaniomba niuweke kitini ufunguo wa injini niliokuwa nao. Sikuuachia.

"Sema kosa lilikuwa la nani."

"Mama, si imeisha?"

"Haijaisha. Jumamosi utakuwa juu peke yako. Kama kuna kosa langu lingine umeliona ukalimeza, litapanda nawe. Sema."

Akamtazama mke wake. Mdogo wangu alikuwa amekunja mikono.

"Mwambie," akasema.

Mwalimu akainua uso na kunitazama machoni. Sikuwa nimejua kwamba ana macho ya kahawia.

"Kosa ni lako, mama. Sponji ni yako." Akanyoosha kidole kwenye tumbo la ndege. "Na ile klipu ya chini ya tangi, uliyoifunga asubuhi. Bado imelegea."

Nikapiga magoti chini ya ndege, nikaishika klipu kwa vidole viwili. Ikazunguka.

"Nipe bisibisi," nikamwambia, naye akanisogelea akaniwekea mkononi.