Mkate wa Pasi

Harufu ya mkate uliobanwa juu ya mkaa haina adabu, haibishi hodi. Nilipokuwa darasa la tano, hapa Nyasubi, Kahama, ilikuwa ikiruka ukuta kutoka kwa Mama Salma, jirani yetu Mhindi mwenye duka la vitambaa, na kuingia kwetu mpaka chini ya kitanda. Alikuwa na chuma chenye mashavu mawili na mikono mirefu. Anapanga slesi mbili, katikati viazi vya pilipili, anafunga, anageuza juu ya jiko, na mkate unatoka umekakamaa, unafuka mvuke. Mimi niliyezoea uji na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa nilisimama mlangoni kwake nimeachama kama niliyetokewa na malaika.

Masika yale mdogo wangu Masanja, wa miaka minne, aliugua malaria. Homa ikaisha, lakini kula akagoma. Uji hataki, wali hataki. Mbavu zikawa za kuhesabika. Mama, anayefokea hata kuku, akaanza kuongea kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Siku moja Mama akiwa sokoni, Masanja akainua kichwa: "Dada, nataka ule wa Mama Salma." Lo! Mama Salma alikuwa msibani Mwanza, mlango kufuli.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Hawakusema njia yenyewe ni pasi ya Baba. Pasi ya mkaa, yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko, iliyonyoosha suruali zake za kwaya tangu kabla sijazaliwa. Kuigusa bila ruhusa ni viboko. Nikaijaza makaa. Nikachukua slesi mbili za mkate alionunuliwa mgonjwa akaukataa, nikazijaza maharage ya jana, nikazifunga kwa jani la mgomba, nikakandamiza juu ya sinia. Jani likalia chiii! Nilipofunua, slesi mbili zilikuwa kitu kimoja, kigumu nje, laini ndani, chenye ncha kama pasi yenyewe. Nikaitazama mikono yangu. Hii hii, isiyojua hata kutakatisha sufuria!

Masanja alikuwa anatafuna Mama alipoingia na kapu lake.

"Kabula! Pasi ya baba yako umeifanya kikaango?"

"Shikamoo, Mama."

"Shikamoo yako kaa na..." Masanja alikuwa analamba jani.

"Dada, ongeza."

Mama akaketi chini palepale, nyanya zikabiringika. "Mwongeze mtoto," akasema taratibu. "Unangoja makaa yapoe?"

Jumapili Baba aliimba kwaya akinukia maharage. Viboko sikuviona.

Sasa niko kidato cha tatu, na tuna mashine ya umeme ya kubana mkate, yenye vitaa viwili. Inabana bila kumtoa mtu jasho. Masanja anakula slesi sita na kuniita mpishi mbovu. Lakini kila akimaliza hutazama juu ya kabati, alipo yule jogoo wa shaba, na kuuliza mbona huu haunukii suruali ya Baba. Ndiyo maana umeme ukikatika, Mungu atusamehe, mtaa mzima unalalamika na nyumbani kwetu watu wawili wanashangilia.