Deshibodi ya Bwana Mifugo wa Machame

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa la usafi. Siku niliyoanza kazi katika gereji moja ya pikipiki pale Majengo, Moshi, Fundi Mkuu alinipa mita ya spidi iliyoingia maji ya mvua, akaniambia niikaushe. Niliifungua, nikaikausha, halafu nikaona madoa. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikasugua, nikasugua tena, mpaka madoa yakaisha na namba zote zikaisha pamoja nayo. Nilibaki na uso mweusi unaong'aa na mshale mmoja.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa mjini palepale, mwenye kofia ya kufuma iliyolowa grisi. Aliigeuzageuza ile mita mkononi.

"Imekuwa safi," akasema.

"Samahani, Fundi."

"Hapana, safi kweli. Sasa mwenyewe akisimamishwa na trafiki, atasema mwendo wake anaujua Mungu peke yake."

Hakunifukuza. Alinituma kwa mkewe kuazima rangi nyeupe ya kucha, nikaziandika namba upya kwa ncha ya sindano. Nilizifuta na kuzirudia hadi adhuhuri kwa sababu ile saba haikunyooka. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nimejifunza ufundi mwenyewe nyumbani Kirua Vunjo, kwa kubomoa redio za watu walionihurumia, na asiyefundishwa na mtu hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Nikikaza nati, nilirudi kuishika. Nikienda kula, mtori ulipoa mbele yangu huku nikiwaza kama ile nati niliikaza.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, kwa hiyo nieleze kidogo mambo yalivyokuwa. Mita ya zamani haikuhitaji umeme isipokuwa wa balbu yake. Ilikuwa na kebo, yaani waya wa chuma uliosokotwa ndani ya ganda jeusi, na kebo hiyo ilizungushwa na gurudumu la mbele. Gurudumu likizunguka, mshale unapanda. Kebo ikikatika, mshale unalala. Nilipoanza, kebo mpya hazikupatikana. Tulichukua ya pikipiki kubwa, tukaikata, tukaichomelea ncha na kuipiga tupa mpaka iwe na pembe nne za kuingia kwenye tundu lake. Baadaye biashara ikafunguliwa na maduka ya mjini yakajaa vipuri vya kila nchi, vizuri na vibaya. Fundi Mkuu alisema zamani tulikosa vitu, sasa tutakosa kujua kipi cha kununua.

Nikiwa bado kijana nilihamia karakana ya mradi mmoja wa maziwa uliokuwa na pikipiki za maofisa mifugo wa mlimani. Huko mkubwa wangu alikuwa Mama Msimamizi wa Usafiri, mwanamke wa Mwika, mrefu, asiyependa maneno mengi. Ufunguo wa kila pikipiki ulipitia mkononi mwake. Nilimwogopa, nikafanya kazi vizuri zaidi kwa kumwogopa, jambo ambalo simshauri mtu alijaribu.

Kati ya maofisa wale alikuwepo Bwana Mifugo wa Machame. Kazi yake ilikuwa uhamilishaji, kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, bila dume. Nyuma ya pikipiki alifunga mtungi wa mbegu, akapanda nao vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya watu. Ng'ombe akishaingia kwenye joto hangoji kesho, kwa hiyo bila pikipiki hakuna kazi. Watu wa kule walimpenda. Alijua jina la kila ng'ombe, na ya wenye ng'ombe aliyasahau.

Pikipiki yake ilinoki. Pistoni ilikamata ndani ya silinda kwa joto, injini ikafa. Tukaitengeneza. Ikanoki tena. Mama Msimamizi alimwita mbele yangu.

"Bwana Mifugo, mlima ni uleule kwa wote. Mbona ni wewe tu?"

"Labda hii pikipiki ina jini."

"Basi likinitia hasara mara ya tatu, pikipiki inakwenda kwa mwingine, na wewe utahamia ofisini kwangu. Chai ipo."

Alicheka, lakini alipotoka nje alisimama karibu na benchi langu akishika mtungi wake. "Mwanangu," akaniambia, "mimi ofisini nitafanya nini? Kule hakuna hata ndama."

Kesho yake nilipanda nyuma yake kwenda Machame nione tatizo. Aliukwea mlima wote kwa gia ya kwanza. Injini ililia mpaka watoto wakatoka migombani kututazama, na yeye, mtulivu kabisa, ananisimulia habari za mtamba fulani aliyekataa kusimama. Nikamwambia, "Bwana Mifugo, gia." Hakujibu. Nikasema kwa sauti zaidi. Akaendelea na mtamba wake.

Nikaelewa. Masikio yake yalikuwa yanaziba. Mwendesha pikipiki hubadili gia kwa sikio, na yeye sikio hakuwa nalo. Tulipofika juu nilikuwa na nafasi ya kusema. Lakini kwetu mtu wa umri wangu hamwambii mtu mzima kwamba hasikii. Unasogea karibu, unapaza sauti kana kwamba ni desturi yako, mnaendelea. Nikanyamaza, nikaona ni heshima.

Wakati huo deshibodi za kidijitali zilikuwa zimeanza kuonekana madukani, za kufungwa kwenye pikipiki yoyote. Moja nilikuwa nimeiona karibu na soko kuu: kioo kimoja kinachoonyesha mwendo kwa tarakimu, taa ya gia huru, na juu yake mistari inayoongezeka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Nikafikiri, hii mistari ni sikio. Nikamwomba Mama Msimamizi ainunue.

"Ya nini, urembo?"

"Itatusaidia injini isinoki, Mama."

"Utanifungia vizuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nisije nikasikia neno."

Aliinunua, na karatasi yake ya maelekezo ilikuwa ya Kichina tupu. Nilitafuta kila waya kwa taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili: moja kwenye chuma cha fremu, nyingine unagusa. Waya unaowasha balbu hata ufunguo ukizimwa ni wa betri moja kwa moja. Unaowasha ufunguo ukiwa wazi tu ni wa swichi. Mahali pa kebo ya zamani nilifunga sumaku kwenye gurudumu na kihisi pembeni yake. Kila sumaku inapopita, kioo kinahesabu mzunguko mmoja. Ili kijue mzunguko una urefu gani, nilitia alama ya chaki kwenye tairi, nikasukuma pikipiki sakafuni mpaka alama irudi chini, nikapima kwa futi ya fundi cherehani jirani. Nilipima mara nyingi, mpaka akaja kuichukua mwenyewe. Mistari ya injini inachukua habari kwenye koili ya plagi, na mwanzoni iliruka hovyo, kwa sababu cheche za plagi zinasumbua vifaa vya namna hii. Nilihamisha waya mbali na kebo ya plagi, nikabadilisha kofia ya plagi nikaweka yenye kizuizi cha kupunguza usumbufu huo, mistari ikatulia.

Nilipomkabidhi Bwana Mifugo nilimwambia, "Mistari ikifika hapa, badili gia." Sikumwambia kwa nini. Alifurahi kama mtu aliyenunuliwa saa.

Siku chache baadaye akarudi. "Kijana, chombo chako kinalala nikishuka."

Hapo kuna desturi ya mlimani ambayo ilinipita, mimi mtoto wa mlimani. Tangu siku za uhaba wa petroli, watu wetu walishuka mteremko wakiwa wamezima ufunguo, pikipiki ikijiendea kwa uzito wake hadi barabara ya lami. Mita ya kebo haikujali, iliendelea kusoma. Ya kwangu nilikuwa nimeifunga kwenye waya wa swichi. Ufunguo ukizimwa, kioo kinakuwa cheusi. Niliona aibu kubwa. Palepale nikahamishia waya kwenye betri, kioo kikawa kinawaka muda wote. Alinishukuru kwa Kichagga, "Aika," akaondoka. Nilihisi nimemaliza.

Alirudi siku hiyohiyo akiisukuma pikipiki, hakuthubutu kuipanda tena. Uso ulikuwa umempauka. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akavua kofia.

"Nimeshuka hadi njia panda ya lami," akasema. "Nikatazama kioo, kinawaka, kinaonyesha mwendo. Nikajua injini ipo hai. Nikaingia barabarani nivuke. Nikavuta mafuta, hakuna kitu. Pikipiki ikasimama katikati."

"Uliizima juu, Bwana Mifugo."

"Niliizima juu. Nikasahau. Lori lilipita huku." Akanyoosha kiganja karibu na goti. "Wanasema lilipiga honi tangu mbali." Akanitazama usoni, akaongea polepole. "Mwanangu, mimi sisikii."

Nilikaa chini karibu naye. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua, na kwamba kama ningesema siku ile mlimani, ningemwonyesha pia kuwa mistari ikitoweka, injini imezimika. Nilimwambia. Nililia kidogo, na yeye akanipiga begani kama anavyowapiga ng'ombe.

"Ulinionea haya," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilijionea haya. Sasa fanya kazi."

Nilirudisha kioo kwenye swichi. Kisha nikaweka taa ya kijani, kubwa, pembeni, na umeme wake sikuutoa kwenye betri kabisa. Niliutoa kwenye koili za ndani ya injini zinazozalisha umeme. Injini ikizunguka, taa inawaka. Ikifa, taa inakufa, na hakuna ufunguo wala betri inayoweza kuidanganya. Tukakubaliana hashuki tena akiwa ameizima.

Ilibaki kumweleza Mama Msimamizi. Bwana Mifugo alikataa nimsemee. Alisimama mbele ya meza yake akasema mwenyewe, masikio, njia panda, lori, yote. Mimi nilisimama nyuma yake nikiongeza ya kwangu. Mama alitusikiliza, akaandika kitu kwenye daftari la safari, akalifunga.

"Kwa hiyo masikio yako yapo kwenye hiyo taa."

Hakusikia. Mama akainuka, akazunguka meza, akasimama mbele yake, akarudia.

"Ndiyo, Mama. Na nisiposikia honi, macho yatanitazamia. Pikipiki ina vioo viwili vya kutazama nyuma, nitavitumia."

"Nipeleke Machame."

Alipanda nyuma na gauni lake la kazini, miguu upande mmoja, mkoba mapajani. Nilikaa langoni nikifungua na kufunga sanduku la spana bila sababu. Walirudi alasiri, mkungu wa ndizi umefungwa mbele na matope yamejaa kwenye viatu vya Mama.

"Amebadili gia kila mahali panapotakiwa," akaniambia. "Njia panda amesimama kabisa, akatazama kushoto na kulia mpaka nikachoka. Dereva wangu wa gari anasikia vizuri sana na hajawahi kufanya hivyo." Akamgeukia, akahakikisha anaiona midomo yake. "Mvua ikinyesha hutoki. Na kila mwezi utanipeleka hivi, nikuone."

Aliendelea na kazi hadi alipostaafu, na injini haikunoki tena.

Mimi nimeacha benchi kwa sababu ya macho. Nyaya za siku hizi ni nyembamba kama nywele, na rangi zake sizitofautishi vizuri. Nilipoanza kukosea nyekundu na kahawia niliwaambia wenzangu siku ileile. Wasiwasi haujaisha; bado narudi mlangoni kuhakikisha nimefunga.

Lami sasa inapanda mbali hadi vijijini Machame, petroli ipo, na pikipiki zinatoka kiwandani na vioo vyake. Bwana Mifugo hasikii kabisa. Nikienda kwake namkuta zizini, nasimama mbele yake anione midomo, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba kwa sauti inayofika kwa majirani. Akinielewa vibaya namwambia, "Hukunisikia," kisha narudia.