Nilipiga Hodi Kabla ya Kuchukua Kiti

Wapendwa, leo nimeiona sura yangu mtandaoni.

Mnajua napamba baraza msimu huu wa vuli, kama wafanyavyo majirani wa huku ughaibuni. Maboga mawili na kikapu cha mtumba, basi.

Asubuhi nikakuta kiti cha mbao kimetupwa kando ya barabara, mbele ya nyumba ya jirani. Hapa watu huokota tu. Lakini mimi nimelelewa! Nikaenda mlangoni, nikabonyeza kengele, nikaita hodi mara tatu. Kimya. Nikakibeba.

Mchana binti yangu akaja na simu. "Mama, huyu si wewe?"

Ni mimi, kanga kiunoni, nachungulia dirishani! Kumbe kengele ina kamera. Jirani ameandika kwenye kundi la mtaa: "Nani anamjua mama huyu?" Chini yake mtu kajibu: "Waiteni polisi."

"Lakini nilipiga hodi!"

"Mama, wezi wa hapa ndivyo wanavyofanya. Wanahakikisha hakuna mtu."

Na mahojiano yangu ya uraia ni Jumanne!

Nikakirudisha kiti, nikisali njia nzima. Bibi mmoja wa Kizungu akafungua.

"Ni wewe! Nilikuwa nakutafuta. Viti vilikuwa viwili, hiki cha pili nilichelewa kukitoa. Chukua vyote."

Sasa vyote viko barazani, boga katikati. Vinapendeza, jamani.

Ila mimi niko ndani, pazia nimefunga. Yule aliyeandika polisi waitwe hajafuta maneno yake.

Jumanne wataniuliza kama nimewahi kuvunja sheria. Niombeeni sauti isitetemeke.