Nilivyoiweka Nyumba ya Mkwe Katikati ya Njia

Aibu hii nimeificha miaka yote, na ningezikwa nayo kama si binti yangu kunifundisha kompyuta mwezi uliopita. Sisi wastaafu wa Tabora tumeungana kufuga nyuki, mimi ndiye mwandishi wetu, basi nikapanga kwenye jedwali uzito wa kila ndoo ya asali, na juu kabisa uzito wa ndoo tupu, nikaweka fomula ya kutoa, nikaiburuza mpaka chini kwa madaha, kumbe kila mstari unatoa ndoo ya mwenzake aliye juu yake, asali ya watu ikawa hasi kilo mbili. Binti akacheka. Akaniambia ndoo tupu ni ile ile moja, iwekee alama ya dola ikae pale pale, la sivyo ukishuka nayo inashuka na wewe. Nikabaki kuitazama ile alama, akadhani sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa mno, maana kosa hilo hilo nililifanya enzi za Ujamaa, kwa kamba ya katani, mbele ya kijiji kizima.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, nimemaliza kidato cha nne juzi juzi, suruali pana chini (mguu mmoja ungetosha kumfunika mbuzi), nikapelekwa kuwa karani wa kijiji kipya upande wa Nzega. Huko nikamkuta Lea, kwenye kwaya, yeye sauti ya kwanza na mimi besi ya kubahatisha, na kabla mwaka haujaisha nikapeleka posa kwa baba yake, Mzee Kapela. Mzee akasema atajibu akishamaliza kujenga nyumba yake mpya. Kwa hiyo mjue, ile nyumba niliitaka iishe kuliko hata mwenyewe.

Kijiji kilipangwa nyumba ishirini na nne kwa mstari mmoja, kando ya ile njia ya kale ya misafara. Njia yenyewe ilikuwa imeota majani, maana malori yalikwisha kuhamia barabara kuu, na sasa serikali ilitaka kuifungua upya iwe barabara ya kijiji. Mpimaji alikuja siku moja tu, akachimbia jiwe la zege mwanzo wa kijiji na mlingoti mwisho wake, akanipa kamba na agizo moja: kila nyumba ipimwe kutoka kwenye jiwe. Ya kwanza hatua arobaini toka jiweni, ya pili themanini toka jiweni, na kila nikipigilia kigingi nirudi nichungulie kutoka jiweni kama kimekaa sawa na mlingoti. Akapanda Landrova akaenda zake.

Nyumba tatu za kwanza nilirudi. Ya nne, jua la Oktoba la Tabora mnalijua, nikajiuliza kurudi kote huko kwa nini, na kigingi nilichopigilia sasa hivi hiki hapa miguuni? Nikapima kutoka kigingi cha mwisho, nikajiona nina akili kumshinda mpimaji. Kigingi cha nne kikaenda kando unyayo mmoja, cha tano kikakifuata cha nne na kuongeza unyayo wake, cha sita kikavifuata vyote viwili, na mimi huyo napiga mluzi. Mlingoti niliuona umekaa kulia kwangu, nikadhani umeinama wenyewe. Saa saba mchana nilikuwa nimemaliza kazi ya siku tatu, nikaenda kuoga.

Kiwanja cha ishirini na nne kilikuwa cha Mzee Kapela. Aliviangalia vigingi vyake, akatembea huku na huku, akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, una hakika? Babu yangu alipita hapa na pembe ya ndovu begani. Naona kama umeniweka njiani."

Nikamjibu (Mungu anisamehe) kwamba babu hakuwa na vipimo. Mzee hakubishana na msomi, akaanza kufyatua matofali. Alifyatua peke yake na mgongo wake ule mbovu, akapandisha kuta, akaezeka kwa nyasi, kisha akaniita akaniambia nije Jumapili kuchukua jibu langu. Nilinyoosha ile suruali mara mbili.

Jumamosi, siku moja kabla ya jibu langu, akaja mkubwa wa wilaya kufungua barabara, na nyuma yake greda. Kijiji kizima tumejipanga, ngoma ziko tayari, kwaya iko tayari. Greda likaanza kula majani vizuri, likapita nyumba ya kumi, ya kumi na tano nikaona linapita karibu mno, ya ishirini na tatu likakwangua kibaraza, na kwenye ya ishirini na nne likasimama, pua imeelekea mlango wa Mzee Kapela. Mzee akatoka na kikombe chake cha uji. Njia ile ilipitisha wapagazi na chumvi na pembe vizazi na vizazi, hakuna aliyeweza kuiziba, nikaiziba mimi kwa kamba.

Mkubwa hakuuliza nani alipima. Aliuliza nyumba ni ya nani, mzee akasema ni yake, na mkubwa akatangaza kwamba huyu ni mpinga maendeleo, amejenga njiani kusudi, apakiwe garini akajieleze wilayani. Askari wawili wakasogea. Mzee Kapela hakunitaja. Alinitazama tu, na uji wake mkononi, akingoja.

Natamani niwaambie nilijitokeza hapo hapo. Nilijibanza nyuma ya mwenyekiti wa kijiji (mtu mnene, alinitosha), nikawa napiga hesabu: nikisema, kazi imekwenda na Lea amekwenda; nikinyamaza, mzee wa watu amekwenda. Lea ndiye aliyenitoa, aliacha kwaya akaenda kusimama kati ya baba yake na askari. Nikaona haya. Nikatoka mbele, nikafungua mdomo niungame, na kwa woga kikatoka kile nilichozoea kukitoa mikutanoni:

"Uhuru!"

"Na kazi!" kijiji kikaitika. Wapiga ngoma wakadhani ndiyo ishara, wakaanza, akina mama wakapiga vigelegele, dereva wa greda naye akapiga honi. Watu wanacheza, mzee ameshikwa mkono na askari, na mimi katikati napunga mikono kuwanyamazisha, wao wanaona nawachochea. Walipochoka ndipo nikapata nafasi.

"Ndugu mkubwa, mzee hana kosa," nikasema. "Mimi ndiye niliyepima. Nilichoka kurudi jiweni."

Hakunifunga. Alinipa kamba, akasema pima upya, zote, kutoka jiweni, na uhesabu kwa sauti. Nikaenda na kurudi mara ishirini na nne, suruali inazoa vumbi, kijiji kinahesabu pamoja nami kwa kuimba, na watoto wakanitungia kibwagizo ambacho sitawaambia. Kigingi cha mwisho kikaangukia ndani kabisa ya shamba la mihogo. Ukarani wangu ukaishia hapo.

Nyumba niliibomoa mwenyewe na kuijenga mahali pake mwenyewe, wiki saba nakanyaga udongo, mvua zimeanza, Lea ananiletea uji, anauweka chini na kuondoka. Nilipotundika mlango, Mzee Kapela akanipa kigoda, akanishukuru kwa kusema kweli, kisha akanipa lile jibu la Jumapili.

"Kusema ulisema, na hilo sitalisahau. Lakini ndoa, mwanangu, kazi yake kubwa ni kurudi. Mtagombana leo, na kesho wewe utaanzia pale pale ugomvi ulipofika, na keshokutwa tena, mpaka mfike wapi? Binti yangu sikupi."

Lea aliolewa Nzega na mwalimu. Niliimba besi kwenye harusi, nikakosea kila mahali, nikasingizia mafua.

Mimi nilioa miaka kadhaa baadaye. Tangu siku ya greda sijapima tena kitu kutoka kigingi cha mwisho, wala sitapima. Nikigombana na mke wangu asubuhi, natoka kwa hasira, na sijafika hata mtaa wa pili, Mtendeni, nimekwisha kugeuza. Anawaambia majirani amepata mume mpole, nami kwa aibu sijawahi kumwambia upole huo nilifundishwa na nani.