Aliyeukata Mrinzi

Nilipokuwa na umri wa kutumwa kuni, kijijini kwetu ng'ambo ya Mwandiga, kuni zilikuwa zimekwisha. Sisemi zilipungua. Vita vya Burundi vilikuwa vimevusha watu wengi, kisha vya Kongo vikaleta wengine kwa njia ya ziwa, na kila mtu ana chungu, na kila chungu kinataka moto. Tulitoka asubuhi na mama zetu tukarudi jua la utosi na vijiti ambavyo bibi zetu wangeona haya kuviita kuni. Watu waliibiana. Ulifunga mzigo wako, ukaenda kunywa maji mtoni, ukarudi ukakuta kamba tu. Siku nyingine hata kamba hukuikuta.

Katikati ya uhaba huo palikuwa na mti mmoja usioguswa. Ulikuwa mrinzi, ule mti wa miiba unaotoa maua mekundu kabla ya majani. Ulisimama mahameni, pale walipokaa wazee wetu wa zamani kabla ya kuhamia upande huu, kandokando kabisa ya barabara iendayo Mwandiga. Chini yake palijaa matawi makavu yaliyoanguka yenyewe, na hakuna aliyeinama kuokota hata la kuchokolea meno. Bibi, mzaa baba, alitufundisha mapema: mrinzi haukatwi wala hauchomwi. Ukiutia shoka, jiko lako linahama. Hakusema utakufa, wala utaugua. Jiko linahama, basi. Sisi watoto tulicheka, kwa sababu tulidhani mafiga yataota miguu. Yeye hakucheka nasi.

Warundi nao waliujua. Kwao pia unaitwa hivyohivyo, na katazo ni lilelile, kwa hiyo hata njaa ya kuni ilipotubana wote, wao na sisi tulipita pale tukiangalia mbele.

Baba alikuwa dereva wa trekta la mfanyabiashara mmoja wa Kigoma mjini. Wakati wa kulima alilima mashamba ya watu, na kiangazi alifunga tela akabeba mihogo, matofali na kuni zilizotoka mbali. Alikuwa mtu wa hasira za karibu. Wanaonifahamu husema nimemrithi, na siwabishii. Mpakiaji wake alikuwa Melkiori, Mrundi aliyevuka na mkewe Konsolata na mtoto mchanga. Baba alimpa kipande cha kiwanja nyuma ya nyumba yetu, naye Melkiori akajenga kibanda cha udongo. Kirundi chake na Kiha chetu ni kama nyumba mbili zinazotumia ua mmoja. Baada ya misimu miwili ya mvua, mgeni asingeweza kukuambia nani ni wa wapi.

Walitaniana kutwa nzima, yeye na Baba.

"Melkiori, unapakia gunia kama unabembeleza mchumba."

"Na wewe unaendesha kama mtu aliyeachwa na mke."

Mama alikuwa akisikia hayo anacheka mpaka anashika ukuta, maana wakati huo alikuwa mzito, na kucheka kulimuumiza mgongo.

Uchungu wake ulimwanza alfajiri moja ya masika, baada ya usiku wa mvua na upepo. Mkunga wa kijiji aliingia, akakaa, akatoka akifuta mikono. Hakuzungusha maneno. Alimwambia Baba, "Mtoto amelala upande. Mimi hapa siwezi. Mpeleke Kigoma sasa hivi, au utazika wawili."

Hapakuwa na gari lingine ila trekta. Walitandika nyasi kwenye tela, juu yake godoro, juu ya godoro Mama, wakamfunika turubai. Mimi niliwekwa upande wa kichwa chake nimpakate, kwa sababu nilikuwa binti mkubwa na sikuwa mtu wa kulialia. Bibi alikaa miguuni. Melkiori na baba mdogo Filbert, mdogo wake Baba, walipanda na jembe na shoka kwa ajili ya matope. Baba aliendesha polepole sana. Sijawahi kumwona akiendesha hivyo, kabla wala baadaye. Kila gurudumu liliposhuka kwenye shimo, Mama alinibana mkono na mimi niliuma midomo.

Tulipofika mahameni, trekta likasimama. Niliinua turubai. Mrinzi ulikuwa umeangushwa na upepo wa usiku, umelala barabara nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Kushoto kulikuwa na korongo. Kulia kulikuwa na bonde la mpunga lililojaa maji, na trekta likiingia humo halitoki mpaka kiangazi.

Baba alishuka, akauzunguka, akapiga teke shina. "Hauvutiki huu ukiwa mzima. Mizizi bado imeshika. Filbert, kata."

Baba mdogo Filbert aliliangalia shoka kama alikuwa hajawahi kuliona. "Kaka, mimi nina watoto wadogo."

"Na mimi telani nina nini?"

"Hao ni wako, kaka. Mimi sikatai kusaidia. Nakataa mti."

Baba alimnyang'anya shoka. Alikuwa ameshalinyanyua wakati Bibi aliposhuka telani, mzee yule, akaenda kushika mpini kwa mikono yote miwili. Hakupaza sauti. "Mwanangu, leo si siku ya kuujaribu. Ukiukata wewe, jiko litakalohama ni hilo lililolala pale juu ya godoro."

Nilimwona Baba akimwangalia mama yake, halafu akaangalia tela. Mtu ambaye sijawahi kumwona akishindwa na jambo alisimama katikati ya barabara na shoka lake, hakati wala haliachi. Wako watakaosoma hapa na kumwita mjinga. Nawaomba waje wasimame pale na mke wao nyuma yao, ndipo waseme.

Mama akalia. Hakuwa analia kwa nguvu tena, na hilo ndilo lililotutisha.

Melkiori aliruka kutoka telani. Alimwendea Bibi, akainama kidogo kama wafanyavyo kwao mbele ya mzee, akanyoosha mkono.

"Mawe," akasema, ndiyo mama kwao, "nipe mimi."

"Wewe pia una jiko, mwanangu. Una Konsolata. Una mtoto."

"Langu lilishahama, mawe. Litahama mara ngapi?"

Vidole vya Bibi vililegea kwenye mpini, kimoja kimoja, na Baba naye akaachia. Melkiori alitema mate mikononi akaanza. Mti wa mrinzi ni mwepesi. Ndani ni mweupe, laini, na mapande yaliruka kama ya papai. Hilo nililishangaa hata siku ile, kwamba kitu kilichoogopwa na vijiji vyote kilikuwa laini hivyo. Alikata huku na huku, likabaki gogo la katikati. Baba akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Mama, na kusukuma?"

"Kusukuma hakukukatazwa," Bibi akasema.

Wakasukuma wawili kwa mabega mpaka gogo likajiviringisha kando. Filbert alikuwa amesimama mbali, ameshika jembe.

Tulifika. Nesi alisema tungechelewa kidogo tu asingekuwa na la kutuambia. Mama alipona, na mdogo wangu wa kiume alizaliwa akiwa na rangi mbaya, kisha akalia. Baba alitaka kumpa jina la Melkiori. Mwenyewe alikataa. "Msimpe mtoto jina la mtu wa njiani," alisema, akacheka, na Baba akakasirika kwa sababu alijua haukuwa utani.

Jambo alilofanya Bibi tuliporudi kijijini ndilo nililolielewa baadaye kuliko yote. Asubuhi alichukua jembe akang'oa mafiga ya jikoni mwetu, yaliyokaa pale tangu alipoolewa. Akayabeba moja moja hadi upande wa pili wa ua, akayapanda upya, akawasha moto mpya. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alimwuliza, akimwita kwa jina la Baba, "Mama Leonadi, ndiyo unahama hivyo? Hata kuku wako hawajajua."

"Mti haukutaja umbali," alijibu, akaendelea kukoka.

Alieleza kwa maneno machache. Shoka lilipigwa kwa ajili ya tumbo la nyumba yetu, kwa hiyo jiko la kuhama ni letu. Huwezi kumtuma mtu akukatie mti halafu laana ukamwachia yeye. Hiyo ilikuwa sheria yake, na hakuipata kwa mtu yeyote. Sijasikia mzee mwingine wa Buha, nchi yetu Waha, akiisema. Konsolata alilia alipoyaona mafiga yale. Kwa muda tulidhani imetosha. Yale magogo ya mrinzi yalioza kando ya barabara, katika mwaka ambao watu walikuwa wakiibiana vijiti.

Kisha ikaja amri kwamba wakimbizi wote wanaokaa vijijini waingie kambini. Watu wa amri walipofika kwetu waliita mkutano, wakauliza nani si mwenyeji. Hakuna aliyejibu. Melkiori alikuwa amesimama katikati yetu na kofia yake ya majani, anazungumza kama sisi, mweusi kama sisi, viganja vimekomaa kwa kazi ileile. Wangemaliza mkutano wakaondoka. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwapo, na niliwaona wameshaanza kukunja makaratasi yao.

Baba mdogo Filbert akanyoosha kidole.

Baba alimrukia. Watu wakamshika. Filbert hakukimbia wala hakutukana. Alieleza kama mtu anayeeleza jambo la akili. "Kaka, ule mti unamdai. Mama kahamisha mafiga, lakini mti si mtoto wa kudanganywa. Akikaa hapa ukamkosa, utatudai sisi. Aende na deni lake."

Na wengine walitikisa vichwa kukubali. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko kidole. Watu wazuri, waliokula kwake na yeye akala kwao.

Gari lao halikuweza kupanda hadi kwetu kwa matope, kwa hiyo walimwamuru Baba awashushe Melkiori na mkewe kwa trekta hadi barabara kubwa. Nilipanda nao. Konsolata alibeba sufuria na mtoto. Tulipofika mahameni Baba alisimamisha, akakaa mikono iko juu ya usukani. Melkiori alimgonga mgongoni kutoka telani.

"Endesha, dereva. Njia nilishaisafisha."

Sikumwona tena. Baba aliuliza kambini kila alipopata safari ya upande ule. Wengine walisema amerudishwa kwao, wengine walisema amepelekwa kambi nyingine. Bibi hakusema neno juu ya mti tena mpaka alipofariki. Alipoulizwa alisema amesahau, na hakuwa mtu wa kusahau.

Siwezi kuwaambia kama naamini au siamini. Mimi mwenyewe naendesha trekta sasa, nililojifunza kwa kuangalia miguu ya Baba, na nikikuta mrinzi shambani kwa mtu nauzungushia jembe. Mwenye shamba akinung'unika, namwambia akatafute dereva mwingine. Lakini sipendi kusikia kisa hiki kikisimuliwa nusu. Kijijini bado kinasimuliwa: kuna Mrundi aliukata mrinzi, na kweli jiko lake likahama, wazee hawasemi uongo. Kinaishia hapo, na watu wanatikisa vichwa vilevile walivyotikisa siku ile.

Baba mdogo Filbert amezeeka vizuri. Macho yamemwisha, wajukuu wanamwongoza kwa fimbo. Tunasalimiana. Nampelekea kuni, kwa sababu ni mdogo wake Baba na baridi haichagui. Niliwahi kumwuliza, nikiwa nimejizuia hasira kwa kadiri niwezavyo, kama siku ile aliuogopa mti kweli. "Niliuogopa," akasema. "Na nilimwonea haya yule Mrundi. Kila nikimwona nilikuwa naliona lile shoka."

Nilimwamini, na bado sijamsamehe. Nimejaribu.

Wajukuu wake hunijia jioni wakitaka kisa cha mrinzi, na kila mara huuliza kama ni kweli jiko la yule Mrundi lilihama. Nawaambia ni kweli, lilihama. Kisha nawaambia lilihamishwa na nani, na kwamba ni babu yao, yule aliyekaa pale anaota moto, na kwamba wamwamkie kwa adabu wakipita.