Mabomba ya Shangazi

Shangazi yangu ni dobi, na kwa kinyongo hana mpinzani. Anakaa ghorofa ya chini kabisa ya jengo letu, na kwa miaka mingi nguo za majirani zimepita mikononi mwake: mashati ya ofisini, mashuka, sare za shule. Kola huzifikicha kwanza kwa vidole, ndipo shati liingie kwenye beseni.

Basi Mama Mapacha wa ghorofa ya nne, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, akatangaza kwenye ngazi kwamba shangazi huzivaa nguo za wateja kabla ya kuzirudisha. Ati alimwona na blauzi yake. Uongo mtupu! Lakini jirani mmoja akaja kuchukua shati lake hata halijakauka, mwingine akafuata, mpaka kamba za uani zikabaki tupu. Shangazi hakugombana na mtu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Maji yetu hupanda juu kwa bomba kuu moja. Ukifungua mabomba yote ya chini kwa pamoja, wa juu wanaambulia matone. Kila asubuhi shangazi alitega sikio ukutani, pale bomba hilo linapopita. Akisikia Mama Mapacha ameanza kuoga, alimpa nafasi ajipake sabuni vizuri, kisha akafungua la jikoni, la bafuni na la uani. Alisuuza beseni tupu huku akiimba. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku moja Mama Mapacha akateremka mwenyewe, taulo kifuani, povu kichwani. Wanawake wenzake walikuwa uani wakianika.

"Dada, nisaidie maji, macho yananiwaka!"

Shangazi akanyanyua ndoo iliyojaa, akaishikilia. "Uliniona lini na blauzi yako? Sema hapa, wasikie."

"Sikukuona! Uliikunja vibaya, nikakasirika, nikasema tu. Nipe maji, jamani!"

Akampa. Uso wa shangazi ulikunjuka. Jina lake limesafishwa mbele ya watu, na nguo zitarudi.

Ndipo muuguzi wa ghorofa ya pili akampiga shangazi begani, akicheka. "Yaishe basi, mama. Hata sisi tulijua ni uongo. Nani asiyekujua wewe?"

Wengine wakaitikia kwa vicheko. Shangazi akawatazama mmoja mmoja.

"Mlijua?"

"Tulifuata mkumbo tu, mama. Maneno ya ngazini hayo."

Jioni walimletea mafurushi yao, akayapokea yote kwa heshima na kuwauliza hali za watoto.

Asubuhi iliyofuata hakutega sikio kwa mtu. Alifungua mabomba yote, akaketi kwenye kigoda, akaanza kufikicha kola, taratibu kabisa. Madirisha yakaanza kufunguka, ghorofa baada ya ghorofa.

"Mama!" muuguzi alipiga kelele. "Huku juu maji hakuna!"

"Najua," shangazi alisema, bila kuinua kichwa. "Nazifua nguo zenu."