Cheni ya Katibu

Kila asubuhi katibu wa kijiji chetu cha ujamaa, kule Busunzu, aliigeuza baiskeli magurudumu juu, akaisugua cheni kwa mswaki na mafuta ya taa, kisha akaipaka mawese kwa kidole kilichokwisha kuwa chekundu, akizungusha pedali na kuitegea sikio. Kuipanda hakupenda, barabarani kuna vumbi. Winifrida aliposhikwa na uchungu, mama mkwe wake, Pelagia, alikuja mbio kuiazima wampeleke zahanati.

“Ngoja mafuta yaingie, mama. Ndiyo kwanza nimepaka.”

Wakambeba kwa machela. Jioni wakarudi na mtoto, wakamkuta katibu angali anazungusha pedali.

“Zahanati mlifika salama?”

“Hatukufika, katibu. Kazaliwa njiani, kwenye vumbi hilohilo,” Pelagia akasema. “Tumempaka mawese. Kwake yameingia hapohapo.”